Kuhifadhi Mbegu za Asili za Kunde, Mbaazi na Njugu Mawe katika Bustani za Nyumbani

Mazao ya jamii ya kunde, yaani kunde zenyewe, mbaazi, choroko, fiwi na njugu mawe, yamekuwa yakilimwa katika visiwa vya Unguja na Pemba tangu zama za mababu. Mbali ya kuwa kitoweo kinachopikwa kwa nazi na kuliwa kwa wali, mkate au muhogo, mazao haya yana sifa moja ambayo wengi huiona lakini wachache huizingatia, nayo ni wingi wa rangi za mbegu zake. Ziko kunde nyeupe zenye jicho jeusi, ziko nyekundu, nyeusi, za hudhurungi na za madoadoa. Ziko mbaazi nyeupe, nyekundu na za rangi ya zambarau iliyokoza. Njugu mawe nazo huwa za maziwa, nyekundu, nyeusi na zenye michirizi.

Rangi hizo si pambo tu. Aghalabu rangi moja ni alama ya mbegu mbali, yenye tabia yake. Mbegu moja hukomaa mapema, nyengine hutambaa na kutoa majani mengi ya mboga, na nyengine huvumilia ukame wa uwanda na ardhi ya mawe ambako udongo ni haba. Tabia hizo zimepatikana kwa kuchaguliwa msimu baada ya msimu na wakulima wenyewe, hasa akina mama, ambao ndio watunzaji wakuu wa mbegu majumbani.

Hazina hiyo hupotea kwa urahisi, tena bila ya kelele. Mara nyingi mbegu ya aina fulani huwa imebakia katika nyumba moja au mbili za kijiji. Ukame ukitokea, hubandikwa jikoni. Bibi aliyeitunza akifariki dunia, vichupa vyake vilivyokuwa juu ya dari huonekana ni takataka, na hutupwa pamoja na vitambaa vikuukuu. Siku hiyo haipotei mbegu peke yake. Hupotea pia jina lake, wakati wa kuipanda na namna ya kuipika, mambo ambayo hayakuandikwa popote. Mbegu ya asili ikishatoweka duniani, hapana duka inakoweza kununuliwa.

KWA NINI KUNDE NA SI MAHARAGE

Wapo wananchi wanaovutiwa na maharage ya rangi mbalimbali yauzwayo sokoni, wakayapanda katika bustani zao, wakapata majani mengi na maganda machache. Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kwa upande wa maharage, hata hivyo, malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Maharage asili yake ni bara la Amerika, na huku kwetu yalikuja baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Hupenda nchi za baridi, na ndiyo maana hustawi katika miinuko ya Mbeya, Kilimanjaro na Arusha. Usiku ukiwa wa joto, kama ulivyo mara nyingi katika mwambao, maua yake hupukutika kabla ya kufunga maganda.

Kunde na njugu mawe, kwa upande mwengine, asili yake ni Afrika, nazo zimezoea joto. Mbaazi na choroko zilitoka Bara Hindi na zimekuwa wenyeji wa mwambao kwa muda mrefu. Kwa hivyo, mwananchi wa visiwani anayetaka kukusanya mbegu za rangi nyingi hana haja ya kuhangaika na maharage ya milimani. Mizizi ya mazao haya, aidha, huhifadhi vijidudu vinavyochukua hewa ya naitrojeni na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na kwa njia hiyo ardhi iliyochoka hupata nafuu bila ya gharama ya mbolea.

RANGI HURITHIWA VIPI

Mtunzaji wa mbegu hana budi kufahamu jambo moja ambalo huwachanganya wengi. Ganda la nje la mbegu ni sehemu ya mmea mama. Ikiwa chavua, yaani unga wa ua, ya mkunde mwekundu itaingia katika ua la mkunde mweupe, mbegu zitakazopatikana mwaka huo zitaonekana nyeupe kama kawaida. Mchanganyiko hautaonekana mpaka mbegu hizo zipandwe na kuzaa. Kwa sababu hiyo, mkulima anayeona rangi ngeni katika mavuno yake asidhani kuwa amebadilishiwa mbegu, kwani huenda chanzo chake ni mchanganyiko uliofanyika msimu uliopita.

Mazao haya hayafanani katika jambo hilo. Ua la kunde, la choroko na la njugu mawe kwa kawaida hujichavusha lenyewe, na mchanganyiko hutokea kwa nadra. Inatosha kutenganisha aina mbili za kunde kwa hatua kumi au zaidi, au kupanda safu ya mahindi katikati yake. Mbaazi ni kinyume chake. Nyuki hupenda maua yake, na mbegu nyingi hutokana na chavua ya miti mengine. Ni vyema kwa hivyo kila nyumba itunze aina moja tu ya mbaazi, na aina ya pili apewe jamaa anayeishi mbali. Anayelazimika kupanda aina mbili mahali pamoja anaweza kufunika baadhi ya matawi kwa kitambaa chepesi cha chandarua kabla ya maua kufunguka, baada ya kuyaondoa yale yaliyokwisha kufunguka. Maua yaliyofunikwa yataweza kujichavusha yenyewe. Maganda yakishafunga, kitambaa kiondolewe na tawi lifungwe uzi ili lisichumwe kwa kupikwa. Fiwi nazo huchanganyika kuliko kunde, na zinahitaji uangalifu wa namna hiyo.

KUPANDA NA KUCHAGUA

Kunde zinazokusudiwa kuwa mbegu zipandwe masika yakiwa yanaelekea ukingoni. Aina nyingi hukomaa kati ya siku 60 na 90, na kwa mpango huo maganda yatakauka katika kipindi cha kipupwe. Maganda yanayokomaa ndani ya mvua kubwa huota ukungu, na mbegu zake huharibika. Njugu mawe huzaa ndani ya ardhi, kwa hivyo zinahitaji udongo laini na kupandishiwa tuta dogo zinapoanza kutoa maua.

Kosa kubwa linalofanywa na wengi ni kuchuma kwanza za kupika na kuacha zilizobakia kuwa mbegu. Anayefanya hivyo huchagua, bila ya kujua, mimea iliyochelewa na iliyo dhaifu. Inavyotakiwa ni kuchagua mimea yenye afya mapema, kuitia alama ya uzi, na kuwaarifu watu wote wa nyumbani kwamba mimea hiyo haichumwi. Mkunde wenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka ya manjano na kijani ung'olewe, kwani yapo maradhi ya virusi yanayosafiri ndani ya mbegu. Vilevile ung'olewe mmea ambao ua lake au umbile lake halifanani na wenzake.

Mbegu isichukuliwe kutoka katika mmea mmoja au miwili tu, hata ikiwa imependeza namna gani. Kwa kunde, mimea 20 ni kiasi kizuri, na kwa mbaazi ni bora zaidi ya hapo. Mbegu iliyotoka kwa mimea mingi hubeba tabia nyingi, na mwaka wa shida itapatikana miongoni mwake inayostahimili.

KUKAUSHA NA KUWEKA

Maganda yaachwe yakauke juu ya mmea, kisha yapukuchuliwe na mbegu zianikwe juu ya jamvi au ungo, penye upepo na jua la asubuhi. Mbegu isianikwe juu ya bati au saruji wakati wa adhuhuri, kwani joto kali huua kiini chake. Mbegu iliyokauka vizuri ikiumwa kwa meno hupasuka, haibonyei. Njia nyengine ya kupima ni kutia mbegu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu na kuitikisa. Chumvi ikigandamana na kioo, mbegu bado ina maji na irejeshwe juani. Wataalamu wana kanuni ya jumla kwamba kila unyevu wa mbegu unapopunguzwa kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka mara mbili.

Adui mkubwa wa mbegu za kunde ni fukusi. Mdudu huyu huanza kutaga mayai juu ya maganda mbegu zikingali shambani, na huingia nyumbani pamoja na mavuno. Katika joto letu, kizazi kipya hutoka baada ya wiki tatu au nne tu, na katika miezi michache chupa nzima huwa unga. Mbegu zitiwe ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, zichanganywe na jivu lililochekechwa kwa kiasi kinacholingana na mbegu zenyewe, chupa ijazwe hadi mdomoni na ifungwe barabara. Mwenye friza anaweza kuziweka humo mbegu zilizokwisha kukauka, ndani ya chupa iliyofungwa, kwa muda wa wiki moja. Fukusi na mayai yake watakufa. Chupa ikitolewa isifunguliwe mpaka siku ya pili, ili isiingie unyevu.

Kila chupa ibandikwe karatasi yenye jina la mbegu kama linavyotajwa kijijini, rangi yake, mahali ilikotoka, jina la aliyeitoa na mwaka ilipovunwa. Kisha mbegu zigawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza lipandwe, la pili liwekwe akiba endapo mvua itakosekana, na la tatu lipelekwe kwa jamaa au jirani wa shehia nyengine. Mbegu iliyomo katika nyumba moja tu imo hatarini.

TAHADHARI

Fiwi, hasa zenye rangi iliyokoza, zina sumu ya asili ambayo huondoka kwa kupikwa vizuri. Zirowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, zichemshwe mpaka ziive kabisa, na maji ya kwanza ya kuchemshia nayo yamwagwe. Watoto wasiachiwe kuzitafuna mbichi. Aidha, mbegu zilizotiwa dawa, ambazo kwa kawaida hupakwa rangi ya waridi, buluu au kijani, zisipikwe kamwe hata baada ya kuoshwa. Wananchi wanaopokea mbegu kutoka kwa jamaa walioko nchi za nje wanakumbushwa kuzionesha kwa maofisa wa ukaguzi wa mimea bandarini au uwanja wa ndege, kwani mdudu mmoja au ugonjwa mmoja mgeni waweza kuangamiza mazao ya kisiwa kizima.

WAJIBU WA KILA NYUMBA

Dunia imeanza kutambua thamani ya mbegu hizi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyopo Ibadan, Nigeria, imehifadhi zaidi ya sampuli 15,000 za kunde. Tanzania ina kituo chake cha kuhifadhi mbegu za asili huko Arusha, na tangu mwaka 2008 liko ghala la akiba ya dunia katika visiwa vya Svalbard, nchini Norway, lililochimbwa ndani ya mlima wenye barafu. Umoja wa Mataifa nao uliufanya mwaka 2016 kuwa mwaka wa mazao ya jamii ya kunde.

Hata hivyo, ghala huhifadhi mbegu iliyoletwa tu. Mbegu ambayo haikutoka kichupani mwa bibi haiwezi kufika Arusha wala Svalbard. Tena mbegu iliyolala ndani ya baridi haijifunzi mvua za leo, ilhali inayopandwa kila mwaka huendelea kuzoea ardhi na hali ya hewa inayobadilika.

Wananchi wanahimizwa, kwa hivyo, kuwatembelea wazee wao mapema, kuwauliza mbegu walizonazo, kuandika majina na maelezo yake, na kuomba japo kibaba kimoja cha kila aina. Walimu wa skuli wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo. Mwenye shaka juu ya mbegu au ugonjwa amuone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake. Mbegu mpya zinazotolewa na watafiti zina faida zake na zisikataliwe, lakini zisiwe sababu ya kuzitupa zilizopo. Wazee walikwisha kuusia: usiache mbachao kwa msala upitao.