Dirisha la Tikiti na Kanuni ya Hesabu

Fungueni madaftari.

Fikirini dirisha la tikiti la kituo cha reli, tuseme hapa Usinge. Karani hapangi nauli. Huisoma katika orodha. Dirisha likipakwa rangi mpya, nauli ni ile ile.

Programu ya kompyuta nayo yafaa ijengwe hivyo. Wizara ya Afya ya Tanzania hukusanya taarifa za zahanati kwa programu iitwayo DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Sehemu kubwa ya kazi ya kuhesabu hufanywa na kompyuta kuu, kwa maagizo ya lugha iitwayo Java. Kurasa aonazo tabibu zaidi ni dirisha: huuliza na kuonyesha.

Kwa nini kutenga? Tuseme zahanati ina watoto 60. Waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ni 45, yaani asilimia 75. Waliofika dozi ya tatu ni 30, yaani asilimia 50. Sasa yaamriwa ihesabiwe dozi ya tatu. Kama kanuni imeandikwa ndani ya kila ukurasa, fundi atarekebisha wa kompyuta, asahau wa simu. Mkubwa mwenye simu ataona 75, atulie, na nusu ya watoto hawana kinga kamili! Fundi wa namna hiyo mimi simsifu, hata akiwa mwepesi.

Kanuni ikikaa mahali pamoja, hurekebishwa mara moja, na kurasa zote huonyesha 50.

Zoezi: watoto 20 katika 80 ni asilimia ngapi? Andikeni.