Majina 1,000 kwenye ukurasa mmoja: kwa nini mwingine unafunguka mbio na mwingine unakawia?

Siku matokeo ya Exetat yanatoka, Kolwezi watu wengi wanashika telefone. Mwanafunzi, mama yake, hata mwalimu, wote wanatafuta jina. Ukurasa ukikawia, wanaujaribu tena na tena, na mega zinakwisha. Mara mingi lawama inaangukia rezo peke yake. Lakini kuna sababu ingine: namna programu inavyotengeneza ule ukurasa.

Kurasa za intaneti zinaandikwa kwa HTML, lugha ya alama iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alama hizo zinaambia telefone: hapa kichwa, hapa jedwali, hapa mstari. Orodha ya majina 1,000 haiandikwi kwa mkono. Programu kwenye seva inachukua majina na kuunda mistari yenyewe.

Hapo ndipo kazi inaweza kuharibika. Programu zingine zinaongeza mstari mpya kwa maandishi ya zamani, mmoja mmoja. Katika lugha kama Java, kila ukiongeza hivyo, mashine inanakili yote upya. Ni kama mchimbaji anayepata jiwe moja, halafu kila mara anamwaga mfuko mzima ndani ya mfuko mkubwa zaidi. Kama kila mstari una herufi 100, mistari 1,000 ni herufi 100,000 tu. Lakini kwa njia hiyo mashine inanakili herufi zaidi ya milioni 50.

Dawa iko. Kwanza, kukusanya vipande pembeni na kuviunganisha mara moja. Java iko na StringBuilder kwa kazi hiyo. Pili, kutuma mistari kadiri inavyokuwa tayari, ili msomaji aanze kusoma. Tatu, kama matokeo hayabadiliki, ukurasa uundwe mara moja na kuhifadhiwa, kila anayekuja apewe uleule.

Hayo yanapunguza kungojea. Kwa mega, dawa ni kubana ukurasa kwa gzip kabla ya kuutuma. Alama za jedwali zinajirudia, kwa hiyo uzito unashuka sana.

Usalama nao usisahauliwe. Maandishi yanayotoka kwa watu yasafishwe kwanza alama za HTML, la sivyo mtu mbaya anaweza kuingiza amri zake ndani ya ukurasa.

Shule ao ofisi inayoagiza ukurasa wake inaweza kuuliza fundi maswali mawili: unaundwa upya kila mara, ao unahifadhiwa? Na unabanwa kabla ya kutumwa? Majibu yake ndiyo yataonyesha kama mzazi mwenye mega kidogo ataona jina la mtoto wake.