Je, Wajua? Mbu Humjua Mama Kijacho

Mbu humfuata mara mbili
Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wajawazito walivutia mbu wa malaria maradufu ya wanawake wasio na mimba. Pumzi wanayotoa ni nyingi zaidi kwa asilimia 21, na tumbo lao lina joto zaidi kwa nyuzi 0.7. Kwa mbu, hiyo ni harufu ya pilau kutoka kwa jirani! Ndiyo maana chandarua chenye dawa hakingoji masika.

Malaria hujificha kwenye kondo
Vimelea vya malaria vinaweza kunata kwenye kondo la nyuma kama kupe kwenye ng'ombe, huku damu ya kidoleni ikionekana safi. Mama huenda asisikie hata homa, kumbe mtoto ananyimwa chakula na huenda akazaliwa na uzito pungufu. Penye malaria nyingi, mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa mwili bado haujaujua ujanja huo.

Vidonge vitatu, palepale
Dawa ya SP, ya kuzuia malaria, humezwa vidonge 3 kwa mpigo, mbele ya muuguzi, hata kama mama haumwi. Huanza baada ya miezi mitatu ya mwanzo na hurudiwa kwa kupisha angalau mwezi, mara 3 au zaidi hadi kujifungua. Anayetumia septrini kila siku amwambie muuguzi kwanza, kwani dawa hizo mbili hazichanganywi.

Kuku mmoja, yai moja, mnyoo je?
Mnyoo jike wa askarisi, anayeweza kuizidi rula ya shule kwa urefu, hutaga mayai kama 200,000 kwa siku! Mayai hayo huweza kudumu udongoni kwa miaka. Mama mwenye hamu ya kutafuna udongo afikirie hesabu hiyo kabla ya kuuma.

Safura hupitia unyayo
Mtoto wa mnyoo wa safura hutoboa ngozi ya mguu, hupita moyoni na mapafuni, hupanda kooni, humezwa, ndipo atue utumboni kunyonya damu. Kandambili humfungia mlango, na kliniki hutoa dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya mwanzo.

Kinyesi cha paka huiva
Vimelea vya toksoplasma vilivyo kwenye kinyesi cha paka haviambukizi papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5 ili viive. Kwa hiyo paka asifukuzwe: mtu mwingine wa nyumbani, si mjamzito, azoe kinyesi kila siku. Mishikaki yenye damu ndani nayo irudi jikoni, maana vimelea hivyo hukaa pia kwenye nyama isiyoiva.

Mama kijacho, kliniki haisubiri tumbo lionekane. Ukishajua una mimba, nenda.