Mbona UK Wanatoa Boss Chap Chap na Sisi Tunangoja 2027?

Unakumbuka Juni 2024? Vijana waliingia Bunge tarehe 25, kesho yake Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Julai akapiga kalamu karibu mawaziri wote. Lakini yeye akabaki Ikulu. Mtaani swali lilikuwa moja: kwani huyu haangukangi?

Rada ni hii. Kenya tuko na mfumo wa urais. Rais alichaguliwa na wewe, si wabunge, so mswada wake ukikufa yeye hafi nao. Ako na miaka yake 5. Kumtoa mapema lazima awe na makosa mazito, kama kuvunja Katiba vibaya, alafu wabunge 233 kati ya 349 wakubali, alafu maseneta 45 kati ya 67 wakubali pia. Hiyo ni kazi mob. Oktoba 2024 Bunge na Seneti walimng'oa Gachagua, lakini huyo alikuwa naibu. Rais hajawahi.

Sasa cheki Uingereza. Kule hakuna mtu hupigia waziri mkuu kura moja kwa moja. Unachagua mbunge wa kwenu, chama kikiwa na wabunge wengi, kiongozi wacho ndiye anashika usukani. Wakimchoka, anaenda, hata kama hajaiba kitu. Mwaka wa 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa na kura moja tu, 311 kwa 310. Liz Truss naye 2022 alileta mpango wa kupunguza ushuru, soko la pesa likatetemeka, watu wa chama chake wakamruka. Siku 49, kwisha.

Tamu, eh? Pole pole. Aliyemrithi, Rishi Sunak, aliwekwa na wabunge wa chama chake, mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Hebu imagine mheshimiwa wenu, yule hushika simu wakati wa kampeni pekee, ndiye anakuchagulia boss wa nchi.

Na si eti hatujawahi jaribu. Kenyatta mzee alianza kama Waziri Mkuu 1963, mwaka uliofuata tukawa jamhuri na yeye akawa Rais. Rasimu ya katiba ya 2009 pia ilikuwa na waziri mkuu mwenye nguvu, lakini Januari 2010 kamati ya wabunge ilikutana Naivasha ikamfuta. Kumrudisha na nguvu hizo sasa, lazima twende referendamu.