Plei ya Usukani na Kosa Ambalo Kompyuta Haiwezi Kulifuta

Magari mengi madogo tunayopandia kuja chuoni, haya yaliyotumika Japani kwanza kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, hayana pampu ya mafuta ya kulainisha usukani. Yana mota ya umeme. Mota hiyo haijui dereva anataka nini mpaka iambiwe, na wa kuiambia ni sensa ndogo iliyokaa kwenye shafti ya usukani. (Nasema sensa ya kupima, siyo ile ya kuhesabu watu ya 2022.) Ndani ya sensa hiyo kuna tatizo ambalo sisi wa uhandisi wa mitambo tunapewa darasani kwa haraka, na wenzetu wa kompyuta hawapewi kabisa: shafti mbili zinazozunguka pamoja hazikai kwenye mstari mmoja sawasawa, na hata zikikaa leo, baada ya miaka kadhaa zitakuwa zimelika.

Tuanze na shafti yenyewe. Ukiifungua pale penye sensa utakuta siyo kipande kimoja. Kuna shafti ya juu inayotoka kwenye usukani, kuna ya chini inayoelekea magurudumuni, na katikati zimeunganishwa na ufito mwembamba wa chuma. Dereva akikata kona, ufito unasokoteka kidogo. Sensa inapima ule msokoto, kompyuta inaugeuza kuwa nguvu ya mkono, mota inasaidia. Tuseme ufito wetu unasokoteka nyuzi 1 kwa kila nyutoni-mita 2. Basi sensa ikikosea kwa nusu ya nyuzi tu, kompyuta inadhani dereva ameweka nyutoni-mita 1 ambayo hajaiweka. Kwa usukani mlaini wa siku hizi hiyo siyo nguvu ndogo. Gari linaweza kuvutia upande mmoja huku dereva ametulia tu.

Sasa nusu nyuzi inatoka wapi? Chukua sahani ya sumaku yenye nusu kipenyo cha milimita 20. Itoboe tundu la shafti, lakini tundu likosee kitovu kwa milimita 0.2, unene wa karatasi mbili hivi za daftari. Gawanya 0.2 kwa 20, unapata radiani 0.01, yaani nyuzi 0.57. Hiyo ndiyo pembe ambayo sensa inaweza kudanganya sahani ikizunguka. Inadanganya kwa mawimbi: inazidisha upande mmoja wa mzunguko, inapunguza upande wa pili, kisha inarudia vilevile mzunguko unaofuata.

Hapo ndipo jirani yangu wa chumba, anayesoma sayansi ya kompyuta, anaponikatiza. "Kama kosa linajirudia, lipime mara moja, liweke kwenye jedwali, kila ukisoma unalitoa. Tatizo liko wapi?" Na kwa kosa hili yuko sahihi kabisa. Tena hata jedwali si lazima. Weka visomaji viwili badala ya kimoja, kila kimoja upande wake wa shafti, vikitazamana kwa nyuzi 180. Pale kimoja kinapozidisha, mwenzake anapunguza kiasi kilekile. Jumlisha, gawanya kwa mbili, na wimbi limekufa. Mimi napenda sana njia hii kwa sababu haihitaji kujua sahani imekosewa kwa kiasi gani wala kwa upande gani.

Tabu inaanza kwenye kulika.

Sensa ya pembe, ile inayoambia mfumo wa kuzuia gari kuteleza kwamba usukani umekatwa kiasi gani, mara nyingi haibani shafti moja kwa moja. Ikibanwa kwa nguvu, na shafti imekaa pembeni kidogo, kila mzunguko utaisukuma beringi yake huku na huku mpaka iishe. Kwa hiyo wabunifu wanaweka ulimi unaoingia kwenye mfereji: ulimi upande wa shafti, mfereji upande wa sensa. Ulimi unateleza kidogo, shafti inacheza, sensa inabaki salama. Lakini kinachoteleza kinasuguana, kinachosuguana kinalika, na mfereji unapanuka. Tuseme umepanuka milimita 0.1 na ulimi uko milimita 10 kutoka katikati. Piga hesabu ileile: radiani 0.01, nyuzi 0.57. Namba ni ileile, ila tabia ni nyingine kabisa. Ukikata kulia, ulimi unagusa ukuta mmoja. Ukirudi kushoto, unavuka nafasi tupu kwanza, sensa imesimama, kisha unagusa ukuta wa pili. Mafundi wanaiita plei. Usukani ukiwa palepale, sensa inatoa majibu mawili, kutegemea umefika pale ukitokea wapi.

Nilimuuliza jirani yangu jedwali lake litaandika namba gani kati ya hizo mbili. Akajibu kwamba programu ikumbuke usukani umetoka upande gani. Wazo zuri, lakini barabara yenye mashimo inatikisa gari, na mtikisiko unatosha kuhamisha sensa toka ukuta mmoja hadi mwingine bila usukani kugeuka. Hapo kumbukumbu inakuwa ya uongo. Na mfereji unaendelea kupanuka kila mwezi, kwa hiyo hata upana wenyewe si namba ya kudumu.

Dawa yake ni ya chuma, tena rahisi: bati jembamba la springi linaloegemeza ulimi kwenye ukuta mmoja wa mfereji muda wote. Ukikata kulia, ulimi uko ukuta uleule. Ukirudi kushoto, bado uko palepale. Ukuta ukilika, springi inasukuma mbele na kuziba pengo. Sharti ni moja tu, springi iwe na nguvu kuliko msuguano wa sensa yenyewe, la sivyo usukani ukigeuza mwelekeo springi itajikunja kwanza na plei imerudi kwa jina jingine. Kwenye gia hufanyika jambo hilohilo kwa kuipasua gia mbili nyembamba na kuzitenganisha kwa springi, ili meno yabane jino la mwenzake pande zote mbili. Inafanya kazi, ingawa meno yanagandamizwa zaidi na hivyo yanalika zaidi.

Tazama kilichotokea hapo. Kulika hakujaisha. Ukuta bado unakwisha, na kadiri unavyokwisha sensa inasogea polepole upande mmoja. Ila kosa sasa ni moja, halitegemei umetokea wapi, na hilo jirani yangu analiweza. Gari likienda moja kwa moja, magurudumu ya kushoto na kulia yanazunguka kwa kasi sawa na sensa ya mzunguko wa bodi inasoma sifuri. Kompyuta inaona hayo yote, inatazama sensa ya usukani inasema nini, na inajifunza upya sifuri iko wapi. Springi imegeuza kosa lisilokokotoleka kuwa kosa linalokokotoleka.

Shafti ikiwa imekaa pembeni zaidi, ulimi mmoja hautoshi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mhandisi wa Ayalandi, John Oldham, alikutana na shida ya namna hiyo kwenye meli ya mvuke, akaweka kisahani katikati ya shafti mbili. Upande mmoja kisahani kina mfereji wa wima, upande wa pili wa mlalo. Kinateleza huku na kule lakini pembe inapita bila kupungua hata chembe. Hiyo ni tofauti na jointi ya krosi iliyo chini ya usukani, ambayo ikikunjwa nyuzi 30 inaitanguliza au kuichelewesha shafti ya chini kwa takriban nyuzi 4, mara mbili kila mzunguko. Ndiyo maana krosi huwekwa mbili, ya pili ifute kosa la kwanza. Fundi akifungua shafti bila kuiwekea alama na kuirudisha imepishana meno, krosi hazifutani tena.

Nilipokuwa field kwenye gereji moja mjini, gari la abiria lililetwa taa ya usukani ikiwaka. Waliunganisha mashine ya kusomea, wakafuta kosa, wakaweka sifuri upya, mteja akalipa. Siku chache baadaye likarudi, wakarudia vilevile. Mimi naona huo ni wizi, hata kama aliyeufanya hakukusudia, kwa sababu gari lenye plei ukiliwekea sifuri umechagua ukuta mmoja na kuuacha mwingine uendelee kudanganya. Na ndani ya gari lile hupanda watu.

Kupima hakuchukui dakika tano. Bandika utepe kwenye usukani na mwingine kwenye plastiki iliyo chini yake, vitazamane. Unganisha mashine, fungua ukurasa wa pembe ya usukani. Zungusha kulia upite alama kidogo, rudi taratibu mpaka utepe ukutane na utepe, andika namba. Kisha pita upande wa kushoto, rudi kwenye alama ileile, andika tena. Rudia mara tano. Sensa nyingine zinahesabu kwa hatua za zaidi ya nyuzi 1, kwa hiyo tofauti ya hatua moja isikutishe. Namba za kulia zikiwa kundi lake na za kushoto kundi lake, mbali kuliko hatua hiyo, kuna kitu kimelegea kati ya usukani na sensa, na lazima kifunguliwe kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe cha sifuri.