Muziki wa saa kumi alfajiri

Tangu 2022, fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, huchezwa Jumapili ya pili ya Februari, na mapumziko yake huangukia Mombasa kati ya saa kumi na saa kumi na nusu alfajiri ya Jumatatu. Mpira wenyewe hapa petu hauna mwenyewe. Kinachowaamsha vijana wa Mbaraki, Ganjoni na Kizingo ni zile dakika 13 hivi za muziki katikati ya mchezo: Rihanna 2023, Usher 2024, Kendrick Lamar 2025, Bad Bunny 2026. Na siku hizi hawataki tena kila mtu atazame kwa simu yake chini ya shuka. Wanataka kukusanyika, wavae sare, sebule ipambwe, kiliwe kitu.

Kazi yangu ni vyombo vya sauti, zaidi kwenye maharusi, na msimu huo ukikaribia swali ninaloulizwa ni lile lile: tukodi skrini ya ukubwa gani? Jibu langu ni kwamba televisheni iliyopo inatosha. Pesa na akili ziende kwenye sauti, na mapambo yachaguliwe yale yatakayoisaidia sauti hiyo.

Saa ile mbovu haikuja kwa bahati mbaya. Tamasha la televisheni hupangiwa wakati wake na mtazamaji anayelengwa. Tarehe 14 Januari 1973 Elvis Presley alipanda jukwaani Honolulu saa sita na nusu usiku, kwa sababu setilaiti ilikuwa inalirusha onyesho lake hadi Japani, na huko ilikuwa saa moja na nusu ya jioni. Super Bowl nayo hupangiwa jioni ya mashariki mwa Marekani, ambako Februari saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Sisi hatumo katika hesabu hiyo. Tulipata saa ya kistaarabu mwaka 2010, tamasha la kufungulia Kombe la Dunia lilipofanyika Soweto tarehe 10 Juni na Shakira akaimba pale. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja tu, watu wakatazama wakiwa wameshakula na watoto wako macho.

Kwa hiyo mwenyeji wa Mbaraki aanze na usingizi kabla ya kitu kingine chochote. Mchezo huanza saa nane na nusu usiku. Ukiwaalika watu saa nne usiku kama unavyoalika harusini, ikifika saa tisa nusu yao wamelala makochini na nusu nyingine wanatafuta njia ya kwenda kwao. Waalike saa tisa na nusu, wakiwa wameshalala kidogo makwao. Wanaotoka Likoni walale kwako, maana feri za usiku ni chache na haziangalii mapumziko ya mtu.

Sasa mapambo. Wako wanaodhani sherehe ya kuvaa kwa mada fulani ni kitu kilichoshuka juzi kutoka mitandaoni. Mji huu ulikuwa bingwa wa mambo hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ngoma ya beni, iliyozuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, iliziiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa tarumbeta, sare, vyeo na gwaride. Mombasa ilikuwa na kundi la Kingi na kundi la Scotchi, hili la pili jina lake likitokana na Waskoti, na mashindano yao yalikula pesa za watu kwelikweli. Upande wa wanawake, vyama vya ngoma ya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada viliendeleza ushindani huo kwa sare mpya na karamu za kuumbuana. Walichokiona kwa wageni walikichukua wakakifanya chao, na mpinzani akatafutiwa jibu lake. Kijana anayeshona sare kwa ajili ya msanii wa Puerto Rico asiwe na haya. Bibi yake mzaa bibi huenda alifanya makubwa kuliko hayo.

Ila sare ya beni ilikuwa na kazi, ilimtambulisha mtu ni wa upande gani. Mapambo ya mkesha wa televisheni nayo yapewe kazi. Chukua mwaka wa Rihanna: yeye alivaa nyekundu tupu, wachezaji wake nyeupe. Kwa mtu wa pwani rangi hizo mbili, ukiongeza nyeusi, ni kisutu, leso kongwe ya harusi ambayo kila nyumba inayo kabatini. Mwenyeji wa namna hiyo hana haja ya maputo wala mabango ya kuchapisha. Atundike visutu ukutani, na hapo atakuwa ametengeneza jambo la pili bila kujua.

Nyumba nyingi za Mbaraki za siku hizi ni fleti za zege: sakafu ya vigae, dari tupu, madirisha ya vioo yanayotazama magodauni au taa za bandari ya Kilindini, ambazo haziwahi kuzimwa. Ingia sebule kama hiyo makochi yakiwa yametolewa, simama katikati, piga kofi moja. Utasikia mlio mwembamba unaofuata kofi, kama waya uliovutwa. Ni sauti inayogonga ukuta, ikarudi, ikagonga wa pili, ikarudi tena. Sasa weka mwimbaji wa rap anayetema maneno kumi kwa pumzi moja, kila neno lianguke juu ya mwangwi wa lililotangulia. Watu watasema spika ni mbaya, na spika haina kosa. Katika nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, mihimili darini na mazulia chini, utapiga kofi lile lile na mlio usiusikie.

Dawa ni nguo, lakini nguo iliyotundikwa kwa akili. Leso iliyobanwa ukutani hupunguza ile milio ya juu kabisa na haifanyi zaidi ya hapo. Ikunje mara mbili, iache na marinda, kisha itundike kwenye kamba iliyo umbali wa kiganja kizima kutoka ukutani. Hewa inayobaki nyuma yake ndiyo inayoifanya nguo nyepesi ifanye kazi ya nguo nzito. Anza na ukuta unaotazamana na spika, kisha vioo, ambavyo pazia zito litavikinga na mwanga wa bandarini pia. Chini tandika zulia na juu yake mikeka. Piga kofi tena. Tofauti utaisikia wewe mwenyewe, huhitaji kifaa.

Spika zenyewe zikae usawa wa masikio, na hapa wengi huiga harusi bila kufikiri. Ukumbini tunazipandisha juu ya stendi kwa sababu watu wamesimama wanacheza. Kwenye mkesha wa nyumbani wageni wameketi mikekani na matakiani, masikio yao hayafiki mita moja kutoka sakafuni. Weka spika juu ya viti vifupi, uzielekeze kwao. Zisikae kwenye pembe ya chumba, maana besi ikijazana pembeni hufunika sauti ya mwimbaji.

Twende kwenye ucheleweshaji, ambao ndio unaoharibu mikesha mingi kuliko kitu kingine. Kuna wa aina mbili. Wa kwanza ni wa sauti nyuma ya picha. Ukiunganisha televisheni na spika kwa Bluetooth, sauti hufungwa upande mmoja na kufunguliwa upande wa pili, na kazi hiyo huchukua sehemu kubwa ya robo sekunde, wakati mwingine zaidi. Kwenye taarifa ya habari unaweza kuvumilia. Kwenye ngoma huwezi. Fimbo ya mpigaji inagusa ngozi na mlio unakuja baadaye. Televisheni nyingi zina mahali pa kurekebisha, lakini marekebisho hayo huchelewesha sauti, hayawezi kuiwahisha. Nunua waya. Ni wa bei ya sahani ya biriani.

Aina ya pili ni ya matangazo yote kuwa nyuma ya tukio. Setilaiti za televisheni ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na mawimbi hupanda na kushuka kwa robo ya sekunde. King'amuzi na mitambo ya kituo huongeza sekunde chache. Anayetazama kwa intaneti yuko nyuma zaidi, kwa sababu programu huikata picha vipande vya sekunde kadhaa, huhifadhi vichache kwanza, kisha ndipo huanza kuonyesha. Kuachwa nyuma nusu dakika au dakika nzima si ajabu. Ndiyo maana jirani mwenye dishi hupiga kelele wakati kwako bado kuna matangazo ya biashara. Huwezi kulitibu hilo, ila unaweza kulizuia lisiingie nyumbani: simu zote kikapuni kuanzia saa kumi kasorobo, pamoja na ya mwenye nyumba.

Pwani hii ina hali yake ambayo mafundi wa mikoa mingine hawaifikirii. Kwetu wanawake huenda wakakaa chumba kimoja na wanaume kingine, na kila chumba kikawa na televisheni yake. Chumba cha kwanza kikitumia dishi na cha pili intaneti, vigelegele vitatoka ndani halafu wanaume watasubiri kujua kulikoni. Tumia king'amuzi kimoja chenye kigawanyaji cha HDMI na waya mbili. Waya ukizidi mita 10 picha inaweza kuanza kukatika, basi pima nyumba yako kwanza. Au fuata njia nyepesi zaidi: vyumba vyote viwili viwe nyuma, lakini kwa kiasi kile kile.

Kuhusu intaneti, Mombasa ina bahati ambayo haionekani. Nyaya za chini ya bahari zinazolisha Kenya hutua hapa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine baadaye. Lakini bahati hiyo huishia pale nyaya zinapoingia nchi kavu. Kutoka hapo hadi sebuleni kwako ni suala la kampuni yako na idadi ya majirani wanaoitumia laini hiyo. Hata nyaya zenyewe hukatika. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na Afrika Kusini na mtandao ukayumba Kenya na Tanzania kwa siku kadhaa. Picha ya kiwango cha HD hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, kwa hivyo bando la simu la akiba liwe na angalau kiasi hicho, na ulijaribu Jumapili mchana badala ya kuligundua usiku wa manane.

Stima nayo. Mwaka 2023 nchi nzima ilizimika zaidi ya mara moja, na Februari ya Mombasa, yenye joto la kaskazi na viyoyozi kila dirisha, si mwezi wa kuiamini. Jenereta saa kumi alfajiri ni uadui na mtaa mzima. Televisheni ya inchi 43, king'amuzi, rauta na spika ndogo zenye nguvu ya ndani kwa kawaida havizidi wati 250 vyote pamoja. Betri moja nzuri ya sola na inveta yake vitakuvusha hadi mwisho wa onyesho.

Sheria nisiirefushe. Nyumbani kwako, bila kiingilio, hakuna anayekudai leseni. Ukitoza mlangoni au ukifanya mkahawani, umeingia kwenye maonyesho ya hadhara, na hapo kuna haki za wanamuziki za kulipia, na king'amuzi cha nyumbani hakikubaliwi. Kelele hata hivyo zinamhusu kila mtu. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi ni desibeli 35, ambayo ni mnong'ono. Hakuna mkesha utakaofikia hapo kwa ukamilifu. Besi ndiyo inayopenya sakafu, basi kata kipande cha godoro ukiweke chini ya kila spika, na Jumamosi upande ngazi ukabishe hodi kwa bimkubwa wa ghorofa ya juu: "Shikamoo bibi, Jumatatu alfajiri tutakuwa na wageni, tutafunga kabla ya azana." Sahani ya haluwa iandamane na maneno hayo.

Neno hilo la kufunga litimizwe. Katikati ya Februari azana ya alfajiri Mombasa huwa baada ya saa kumi na moja kwa robo saa hivi, na onyesho huwa limekwisha muda mrefu kabla. Mwenye kutaka kumalizia mpira aupunguze sauti.

Chakula ni mahamri na mbaazi za nazi, unga ukiwa umekandwa jioni ukaumuka wakati watu wamelala, na kahawa chungu kwenye dele. Kitu kimoja nimekipiga marufuku katika kila nyumba ninayofungia vyombo: kachri, zile chipsi kavu za muhogo. Pakiti zake na meno ya watu 12 huzima ubeti mzima wa mwimbaji anayeimba polepole. Zibaki kule ufukweni Laitihausi na maji ya madafu.

Mwakani kuna mtihani mwingine. Super Bowl ya 2027 imepangwa tarehe 14 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuingia karibu na tarehe 8 mwezi huo, mwandamo ukiamua. Saa kumi alfajiri ya Jumatatu ile nyumba nyingi za Mombasa zitakuwa macho bila kuamshwa na mtu, na taa zitawaka jikoni kwa ajili ya daku. Wapo watakaoona ni fursa. Mimi mwaka huo spika zangu hazitoki ghalani. Anayetaka Bad Bunny mwingine ajirekodie, atazame baada ya Idi, na sauti ataipata vizuri zaidi, kwa kuwa hakutakuwa na jirani wa kumtangulia.