Selimundu: Je, ni Halali Kurekebisha Jeni za Mgonjwa?



Mama mmoja alifika wodini usiku akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka sita. Mtoto alilia kwa maumivu ya mifupa, na macho yake yalikuwa ya manjano. Ilikuwa mara ya nne kwa mwaka huo. Mtoto alipopata dawa na kusinzia, mama aliniuliza: "Sista, nimesikia redioni kwamba Wazungu sasa wanatibu selimundu kwa kubadili jeni. Ni kweli? Na je, si kuingilia kazi ya Mungu?"

Maswali yake ni mazuri. Tuyajibu pamoja.

Selimundu huletwa na nini?

Kila mtu hurithi kutoka kwa baba na mama maagizo yanayouongoza mwili. Maagizo hayo huitwa jeni. Mwenye selimundu amerithi jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Hivyo chembe zake nyekundu za damu, badala ya kuwa za duara, hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Ndiyo sababu ya maumivu, upungufu wa damu na hata kiharusi.

Mzazi mwenye jeni moja tu yenye kasoro kwa kawaida haumwi. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, katika kila mimba kuna uwezekano wa mara moja kati ya nne kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo, akina baba, msimlaumu mama peke yake. Wala asitafutwe mchawi.

Uhandisi jeni ni nini?

Ni ufundi wa kubadili jeni za kiumbe hai. Wengi wetu tunautumia bila kujua. Zamani insulini ya wagonjwa wa kisukari ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wataalamu walifaulu kuweka jeni ya binadamu ya insulini ndani ya bakteria, nao bakteria wakaitengeneza. Tangu mwaka 1982 dawa hiyo imeokoa maisha ya watu wengi.

Habari ya redioni nayo ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa selimundu wenye miaka 12 na zaidi. Chembe zinazozaa damu hutolewa kwa mgonjwa, na jeni mojawapo hukatwa kwa "mkasi" mdogo sana uitwao Krispa. Hapo mwili huanza tena kutengeneza himoglobini ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo huzuia chembe kupinda. Kabla ya kurudishiwa chembe hizo, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wa zamani. Dawa hiyo ina hatari zake, pamoja na kuweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Si tiba ya mchezo.

Je, ni halali?

Kanisa lilieleza jambo hili mwaka 2008 katika hati iitwayo Dignitas Personae. Kurekebisha jeni katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, kwa nia ya kumponya tu, kimsingi ni halali. Ni kama kumtibu kwa upasuaji. Mabadiliko hayo hayapiti kwa watoto wake.

Kubadili jeni za mbegu za uzazi, au za mtoto anapoanza tu kuumbwa, ni jambo jingine. Kosa likitokea litarithiwa na wajukuu na vitukuu, ambao hawakuulizwa. Mwaka 2018 mtaalamu wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike ambao jeni zao alizibadili. Wanasayansi wengi duniani walimlaani, na mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Lakini lipo swali jingine la maadili, ambalo mama yule hakuliuliza. Marekani Casgevy ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi wa selimundu wanazaliwa Afrika. Dawa ikipatikana mbali na penye ugonjwa, je, haki imetendeka? Hili nalo tulisemee bila woga.

Tufanye nini leo?

- Mtoto apimwe mapema, na wachumba wapime damu kabla ya ndoa.
- Mtoto mgonjwa apewe penisilini kila siku hadi miaka mitano, na apate chanjo zote.
- Alale ndani ya chandarua na atumie kinga ya malaria kama alivyoelekezwa.
- Anywe maji mengi na akingwe na baridi.
- Muulizeni daktari kuhusu haidroksiyurea. Ni vidonge vinavyopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu.
- Akipata homa, kifua kikibana au akilegea upande mmoja, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Nilimwambia mama: "Kumponya mtoto wako si kushindana na Mungu, mama. Tiba ile iko mbali bado, lakini hizi zilizo karibu tusiziache." Asubuhi aliondoka na kadi ya kliniki ya mwanawe. Tarehe ilipofika, alirudi.